Nimejikata mwenyewe: kutibu makosa ya "myself" na ndugu zake

Miaka kadhaa iliyopita niliandika barua pepe ya kikazi kwa Kiingereza, nikaisoma mara mbili, nikaridhika nayo. Ilimalizika hivi: "For any questions, please contact myself." Mkubwa wangu wa kazi aliirudisha akiwa amekata neno la mwisho na kuandika juu yake herufi mbili tu: "me". Moyoni niliona ananivunjia heshima. "Myself" lilikuwa na uzito, neno la mtu aliyesoma. "Me" lilikuwa jepesi mno, neno la mtoto wa chekechea.

Alikuwa sahihi yeye. Siku hizi ndimi ninayesahihisha Kiingereza cha wengine, na kosa lile nakutana nalo karibu kila wiki, pamoja na ndugu zake wote. Kadiri ninavyoyaona ndivyo ninavyoamini kwamba mengi hayatokani na uvivu wala kukosa masomo. Yanatoka kwenye Kiswahili chetu, na dawa yake imo humohumo.

Kiswahili kina vifaa vitatu kwa kazi tatu. Mtu akijitendea jambo, tunapachika -ji- ndani ya kitenzi: amejikata. Tukitaka kusisitiza kwamba ni yeye na si mwingine, tunaleta -enyewe: ameukata mwenyewe. Akiwa hana mwenzake, tunasema peke yake. Kiingereza kinazibebesha kazi zote tatu neno moja: "he cut himself", "he cut it himself", "he did it by himself". Sisi tunaliona neno moja, tunalikariri kama "mwenyewe", kisha tunalichomeka popote. Kwa hiyo kila sentensi inapokutia shaka, irudishe kwanza katika Kiswahili uangalie ni kifaa gani kati ya vile vitatu kilichokuwemo. Karibu matibabu yote yaliyomo humu yanaanzia hapo.

Angalizo dogo la istilahi: darasani neno "kirejeshi" limezoeleka kwa amba- na kwa ile -ye- ya "aliyekuja". Si hayo ninayoyazungumzia. Hapa kuna viwakilishi vya kujirejea, vinavyofanya kazi ya -ji-, na viwakilishi vya kusisitiza, vinavyofanya kazi ya -enyewe. Sura zao ni zilezile.

Dalili: neno lenyewe limeharibika

"Hisself", "theirselves", "ourself", "yourselfs", "my self" katika maneno mawili. Anayeandika "hisself" si mjinga. Anatumia mantiki, na Kiingereza ndicho kilichoikosa. "Myself", "yourself" na "ourselves" zimejengwa juu ya maneno ya umiliki, "my", "your" na "our". Basi mtu anatarajia "his" na "their" ziendelee na mtindo huohuo. Lakini "himself" na "themselves" zimejengwa juu ya "him" na "them". "Herself" haieleweki iko upande gani, kwa kuwa "her" hufanya kazi zote mbili. "Hisself" na "theirselves" utazisikia katika lahaja kadhaa za Uingereza na Marekani, ila katika maandishi sanifu hazipokelewi.

Umoja ni -self, wingi ni -selves, na daima ni neno moja lisilo na nafasi katikati. "Itself" haina alama ya ritifaa hata kidogo, kwa hiyo "it's self" haipo.

Kuna zawadi moja hapa ambayo wengi hawaioni. "You" ya Kiingereza cha leo haitofautishi wewe na ninyi. Lakini ukifika kwenye -self, siri inafichuka: "help yourself" ni jihudumie, "help yourselves" ni jihudumieni. Kwa hiyo ukiwaandikia watu kumi "please prepare yourself", umewageuza mtu mmoja. (Na ukipewa kazi ya kutafsiri kibango cha "Help yourself" kilicho juu ya meza, tafadhali usiandike "Jisaidie".)

Vipi kuhusu "everyone"? Kisarufi ni umoja, lakini kiwakilishi chake cha kawaida leo ni "they", hivyo "everyone should ask themselves" ni sahihi. "Themself" nayo ipo. Ilikuwepo tangu karne ya 14, ikasukumwa kando na "themselves" katika karne ya 16, na sasa inarudi kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsia. Kwenye mtihani ningeiepuka, kwa sababu msahihishaji anaweza kuwa wa kizazi kisichoizoea.

Dalili: mama amegeuka mwanamume

"My mother blamed himself for the delay." Kosa hili huwachekesha watu, na mwandishi mwenyewe hulishangaa akionyeshwa. Chanzo kinajulikana: a- ya "alijilaumu" haijali kama ni mama au baba. Kichwani mwako hakuna swichi ya jinsia inayojiwasha kila unapomtaja mtu wa tatu, na hakuna sababu ya kuwa nayo hadi unapoandika Kiingereza.

Usijaribu kulizuia wakati unaandika. Utakwama kila mstari. Andika hadi mwisho, kisha pita mara moja ukitafuta -self peke yake. Kila utakapoikuta, chora mstari kuirudisha kwa mwenye tendo. Mstari huo ndio dawa, kwa kuwa unaonyesha pia mtego wa pili, ule wa jina lililo karibu zaidi. Tazama: "The woman who married my brother taught himself to drive." Aliyeandika hivi alivutwa na "brother", ambaye yuko hatua mbili tu kutoka kwenye kiwakilishi. Irudishe katika Kiswahili: mwanamke aliyeolewa na kaka yangu alijifundisha kuendesha gari. Nani alijifundisha? Mwanamke. Basi "herself".

Kanuni yenyewe ni ileile katika lugha zote mbili. -ji- humrejelea mtenda wa kitenzi kile ilimopachikwa, hata kama sentensi ina vitenzi vitatu. "Asha alimwomba Juma ajitambulishe": anayejitambulisha ni Juma, ingawa sentensi ilianza na Asha. Kiingereza nacho: "Asha asked Juma to introduce himself." Ukisema "Juma alisema Asha amejiumiza", ni "Juma said that Asha had hurt herself". Kama unaweza kusema sentensi hizo kwa Kiswahili bila kuchanganyikiwa, na unaweza, basi sarufi unayo tayari. Kinachobaki ni kukagua jinsia.

Dalili: umeweka -self, Kiingereza hakiitaki

Hapa ndipo tunapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"I feel myself bad today." "We joined ourselves to the group." "I learned myself English." "She pretended herself to be sick." Ukizirudisha katika Kiswahili zote zina -ji-: najisikia, tulijiunga, nilijifunza, alijifanya. Mwandishi amefanya kazi ya uaminifu: ameona -ji-, akaandika -self. Tatizo ni kwamba -ji- za vitenzi hivi zilikwisha kugandamana na mzizi zamani, zikawa sehemu ya neno. Mama aliyejifungua hakufungua kitu, na aliyejikwaa hakukusudia kujitendea lolote.

Kipimo ninachokitumia ni kubadilisha -ji- kwa -m-. Kama tendo linabaki lilelile na aliyebadilika ni mtendwa tu, Kiingereza kitataka -self, au angalau kitaivumilia. Kama maana inavunjika, -self haitakiwi. Amejikata, amemkata: kisu ni kilekile, tendo ni lilelile, basi "cut himself". Alijilaumu, alimlaumu: "blamed herself". Lakini najisikia vibaya haigeuki kuwa namsikia vibaya. Hiyo ya pili ni habari ya sauti kukatika kwenye simu. Basi "I feel bad", bila nyongeza. Tulijiunga na kikundi, tulimuunga mkono: mambo mawili tofauti, basi "we joined the group". Alijifanya mgonjwa, alimfanya mgonjwa: ya pili ni kesi ya polisi. Alijitolea kufanya kazi: "she volunteered".

Kipimo hiki kinateleza mahali pawili, na ni vyema uvijue vitenzi hivyo kwa majina. Cha kwanza ni kujifunza. "Alimfunza" inaeleweka vizuri, kwa hiyo kipimo kingekwambia uweke -self, lakini "learn" haipokei. Ukitaka -self, kitenzi chako ni "teach": "I taught myself English", maana yake hukuwa na mwalimu. Kama mwalimu alikuwepo, "I learned English" yatosha.

Cha pili ni kujiuzulu, nacho ni hatari kwa sababu "resign oneself" ipo, ila ina maana nyingine kabisa. "The chairman resigned" ni mwenyekiti amejiuzulu. "The chairman resigned himself to the result" ni mwenyekiti ameyakubali matokeo kwa shingo upande, amesema basi na iwe, na kiti chake bado anakikalia. Ukiandika ya pili ukikusudia ya kwanza, umemrudisha mtu ofisini.

Kwenye kuoga, kuvaa na kunyoa ndevu sisi tuna bahati. Wafaransa na Wahispania, ambao lugha zao zina kijirejea katika vitenzi hivyo, huandika "I wash myself every morning" na husahihishwa kila siku. Kiswahili kinasema ameoga, amevaa, bila -ji-, na Kiingereza kinasema "he washed", "he got dressed", bila -self. Endelea hivyohivyo. -self huingia pale tu ambapo uwezo wa kujifanyia ndio habari: "She is only three and she can dress herself." Hata Kiswahili hapo kingebadilika: anaweza kujivisha.

Dalili: Kiingereza kinadai -self, wewe umeiacha

"We enjoyed very much." Kama ningelipwa kwa kila mara niliyoiona sentensi hii, ningekuwa nimestaafu. "Tulifurahi sana" haihitaji kitu mbele yake, lakini "enjoy" inahitaji: ama kilichofurahiwa, "we enjoyed the trip", ama wenyewe waliofurahi, "we enjoyed ourselves". Katika mazungumzo watu husema "Enjoy!" peke yake kama neno la kumtakia mtu heri, na hilo limekubalika. Wakati uliopita hauna msamaha huo.

Vitenzi vingine vichache haviwezi kutembea bila -self hata kama ungetaka: "She prides herself on her handwriting", anajivunia mwandiko wake, "He absented himself from the meeting", hakuhudhuria kikao kwa kusudi lake. Si vingi. Vikariri.

Lililo zito zaidi hapa ni pale ambapo kuacha -self hakuvunji sarufi, ila kunaleta mtu mpya kwenye hadithi. "Asha bought her a phone." Sentensi safi. Lakini msomaji sasa anajua kuna wanawake wawili: Asha, na mwingine aliyepata simu. Kiswahili kinatenganisha hayo kwa herufi chache: alimnunulia, alijinunulia. Kama ulikusudia alijinunulia, ni "Asha bought herself a phone". Vivyo hivyo alijipa wiki moja, "she gave herself a week". Alijiandikia ujumbe, "he wrote himself a note". Ukiandika "he wrote him a note", umeanzisha uhusiano usiokuwepo.

Dalili: wanapendana, lakini umeandika wanajipenda

"They love themselves." Ulitaka kusifu ndoa, ukaishia kusema watu wawili wenye majivuno. Sijui kwa nini kosa hili linatokea, kwa kuwa Kiswahili kinazitenganisha -ji- na -ana kwa ukali kuliko lugha nyingi. Nadhani tunaona -selves, tunaona wingi, tunadhani ni mambo ya pamoja. Ukiwa na -ana mwishoni mwa kitenzi, Kiingereza ni "each other" au "one another": walitazamana, "they looked at each other". Wakijitazama kwenye kioo, "they looked at themselves". Uwe mwangalifu hasa na kusaidiana, maana "we helped ourselves" husomeka kwamba mlijichukulia vitu bila kuulizwa.

Dalili: "mwenyewe" haijulikani iende wapi

Sasa tumetoka kwenye -ji- tumeingia kwenye -enyewe. Kujua kama uko upande huu ni rahisi: lifute neno. "The director herself signed the letter." Ondoa "herself": "The director signed the letter." Sentensi imesimama, imepungua nguvu tu. Hiki ni kiwakilishi cha kusisitiza. Sasa "The director blamed herself." Ondoa: "The director blamed." Imeanguka. Hiki ni cha kujirejea. Ukitaka kuona jinsi mahali panavyotawala maana, weka hizi mbili pamoja: "The teacher corrected herself" na "The teacher herself corrected it". Ya kwanza, mwalimu alikosea akajisahihisha. Ya pili, hakumwachia msaidizi.

Sikio nalo linasaidia. Cha kusisitiza hutamkwa kwa mkazo mkubwa kwenye -self. Cha kujirejea kwa kawaida hupita kimyakimya nyuma ya kitenzi.

Kwa nini lugha nzima ikubali kulitumikisha neno moja kazi mbili? Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100 hivi, kazi ya -ji- ilifanywa na viwakilishi vya kawaida tu, mithili ya "me" na "him", na "self" lilikuwa neno la kukazia, kama "mwenyewe". Taratibu likagandamana na viwakilishi hivyo, likachukua na kazi ya kujirejea. Ni kama vile Kiswahili kingeacha kusema amejikata, kikabaki na "amekata mwenyewe" kwa kila kitu. Mkanganyiko tunaoupata una umri wa karne nyingi.

Cha kusisitiza kina sehemu mbili za kukaa. Kikifuata jina, "The minister himself came", uzito uko kwenye cheo: waziri, si mjumbe wake. Kikikaa mwishoni, "The minister typed the letter himself", uzito uko kwenye kazi: hakutuma mtu, hakusaidiwa. Usikizungushie koma, "The minister, himself, came" inasomeka kama mtu anayekohoa katikati ya sentensi. Na kikikaa mwishoni, hakikisha hakuna jina lingine linaloweza kukidai. "Asha spoke to the manager herself": kama meneja naye ni mwanamke, hatujui nani anayesisitizwa. Kivute mbele: "Asha herself spoke to the manager."

Kuna matumizi ya -enyewe ambayo Kiingereza hayapeleki kwenye -self kabisa. Nyumba yangu mwenyewe si "my house myself" bali "my own house". Na tunaposema "mwenyewe yuko wapi?", tukimtafuta mwenye kitu, ni "where is the owner?". Nilikuwa nikilicheka sana kosa la "where is himself?" hadi nilipojua kwamba Waayalandi, katika Kiingereza chao, husema "himself" wakimaanisha mwenye nyumba au bwana mkubwa. Kwa hiyo Mswahili hayuko peke yake. Hata hivyo mtihani haufanyiki Ayalandi.

Kisha kuna kurudufu. Amejikata mwenyewe ni Kiswahili kizuri: -ji- na mwenyewe bega kwa bega, hakuna anayelalamika. Mwanafunzi mwaminifu huandika "He cut himself himself." Kisarufi halijavunjika, lakini hakuna anayeandika hivyo ila kwa mzaha. Kiingereza kinatosheka na moja: "He cut himself." Ndugu yake wa karibu ni "Me myself I think", mtoto halali wa "mimi mwenyewe naona". Chagua: "I myself think so", au, kwa upole zaidi, "I think so myself".

Dalili: "I live myself"

Mwandishi alitaka kusema anaishi peke yake. Kiswahili kina ulegevu fulani hapa: "amekuja mwenyewe" huweza kumaanisha hakutuma mtu, na huweza kumaanisha hakuja na mtu. Kiingereza hakiruhusu ulegevu huo. Bila "by", ni msisitizo: "She came herself", amekuja yeye. Pamoja na "by", ni upweke au kutosaidiwa: "She came by herself", amekuja peke yake. Hivyo ukiweza kuweka "peke yangu" katika sentensi ya Kiswahili, "by" ni ya lazima: "I live by myself". Au tumia "on my own". Usiunganishe nusu ya huku na nusu ya huku ukapata "by my own" au "on myself".

Dalili: "myself" imevaa suti

Narudi kwenye barua yangu. "Juma and myself will attend." "Send the report to Asha or myself." "We have prepared this offer for yourself." Hapa Kiswahili hakina hatia, hakuna -ji-, hakuna mwenyewe, hakuna peke yake. Wazawa wa Kiingereza wenyewe huandika hivi kwa wingi. Chanzo ni woga. Tangu shuleni watu hugombezwa kwa "me and Juma", wakajenga hofu ya "me", na kwa kuwa hawana uhakika kama "I" inafaa, wanakimbilia neno la tatu linaloonekana la heshima.

Kiwakilishi cha kujirejea kinahitaji mtenda wake awe ndani ya sentensi hiyohiyo. Kwenye "please contact myself" mtenda ni "you" aliyefichika ndani ya amri. "Myself" haina pa kurejea. Dawa ni kumfukuza mwenzako kwa muda. "Send the report to Asha or myself": mtoe Asha. Ungesema "send the report to myself"? Hapana, ungesema "to me". Basi mrudishe Asha: "to Asha or me". "Juma and myself will attend": mtoe Juma, inabaki "I will attend", kwa hiyo "Juma and I". "Between you and myself" ni "between you and me", hata kama masikio yako yanakataa.

Sitaki kuwa mkali kupita kiasi. "Someone like myself", "as for myself" na "no one but myself" zimetumiwa na waandishi wazuri kwa muda mrefu, na mimi huziacha zilivyo.

Dalili: mlango umefungwa "behind himself"

Mtu akishajifunza kwamba mtenda na mtendwa wakiwa mmoja panahitajika -self, huanza kuiweka kila mahali. "He closed the door behind himself." "I took my umbrella with myself." Panapohusika mahali, Kiingereza hutosheka na kiwakilishi cha kawaida: "behind him", "with me", "she put the bag next to her". Lakini "she looked at her" si "she looked at herself", na "believe in you" si "believe in yourself".

Utajuaje? Kiswahili kinajua. Alifunga mlango nyuma yake: hakuna -ji-, basi "behind him". Alijitazama: -ji- ipo, basi "looked at herself". Jiamini, "believe in yourself". Jitunze, "look after yourself". Anajiringia, "she is full of herself". Sijakuta mahali pengi ambapo kipimo hiki kimeniangusha kwenye vihusishi.

Mgonjwa mmoja kwenye meza

Wiki iliyopita nililetewa aya hii, nimebadilisha kidogo tu: "My sister and myself learned ourselves to swim. One day she hurt himself badly. She resigned herself from the team, closed the door behind herself and stayed home herself. Later she joined herself to another team and we both enjoyed."

Mtoe dada: "I learned", kwa hiyo "My sister and I". Walijifunza bila mwalimu, basi "taught ourselves". Alijiumiza, mwenye tendo ni dada, basi "herself". Alijiuzulu kwenye timu, yaani alitoka: "She left the team", kwa sababu "resigned herself" ni kukubali kwa shingo upande. Nyuma yake: "behind her". Alijiunga: "joined another team". Mwishoni, "we both enjoyed ourselves".

Imebaki "stayed home herself". Hapo sikuweza kumsahihishia. Nilimpigia nikamuuliza kwa Kiswahili: dada yako alikaa nyumbani mwenyewe, au peke yake? Akanyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa hajawahi kufikiri kama hayo ni maswali mawili.